Orodha ya Waliokubali

Hakuzimia. Najua wiki jana nilimwacha Persis Mong'ina ameushika mlingoti wa hema kwa mikono miwili, na wasomaji kadhaa wakaniandikia kwamba hakika dada huyu ameanguka na sasa tunapelekwa hospitalini. Hapana. Mkunga aliyezalisha wanawake kwa miaka kumi na minne haanguki kwa sababu ya karatasi. Aliushika mlingoti ili asimrukie mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa Walter Onsongo, Mkurugenzi wa Mwamko katika serikali mpya ya Kaunti ya Gusii Kati. Msiniulize Mkurugenzi wa Mwamko hufanya kazi gani, maana hata yeye sidhani anajua. Suti yake, tai yake na soksi zake zote zilikuwa rangi ya damu ya mzee, na mkononi alikuwa ameinua bunda la karatasi.

"Wananchi wa Riamakori walishakubali," alisema. "Mia mbili na kumi na wanne. Majina na sahihi yako hapa."

Walikubali nini? Kwa aliyekosa gazeti, ni hivi: chumba cha kujifungulia cha Zahanati ya Riamakori kifungwe, vitanda vitolewe, na jengo liwe Nyumba ya Mwamko, ofisi ya kupokelea wageni wa gavana. Kina mama wajawazito watakwenda hospitali ya mfano itakayojengwa. Itakayojengwa, nasema. Kwa sasa hospitali hiyo ni shamba la mahindi lenye kibao.

Chumba hicho kikifungwa, mwanamke wa Riamakori akishikwa na uchungu itabidi ashuke kilima kwa bodaboda saa nzima na nusu, tena ikiwa mvua haijanyesha. Na sisi tunaoishi chini ya ukuta wa miamba wa Manga tunajua mvua ya alasiri haikosi. Persis aliwahi kuzalisha mmoja kando ya ile barabara, amefunikwa kwa koti la mwendesha bodaboda. Aliapa hatazalisha wa pili namna ile.

Basi tuendelee, ingawa hadithi hii imeanza kunitia kinyaa mimi mwenyewe ninayeiandika.

Serikali hii ina miezi saba. Katika miezi saba haijachimba hata mtaro mmoja, lakini imepaka rangi. Imepaka ofisi za wadi. Imepaka vibanda vya kupimia chai. Imepaka choo cha soko nje, ndani ikakiacha kama kilivyokuwa. Imepaka mawe ya kando ya barabara ambayo haina lami. Yote damu ya mzee.

Nembo ya zamani ilikuwa na mkungu wa ndizi, chakula chetu. Mkungu ukafutwa, akaingizwa ndege tai. Mchoraji wao nadhani hajawahi kumwona tai, kwa hiyo wazee wa Marani hadi Kenyenya wakimwona ubavuni mwa gari la serikali wanasema engoko hiyo inapita. Kuku, yaani. Na watoto wa chekechea wanafundishwa kumwimbia kuku huyo kila Jumatatu asubuhi.

Jumanne hii ninayoisimulia ndiyo iliyokuwa siku ya wananchi kutoa maoni. Hema lilisimamishwa uani mwa zahanati, viti vikakodiwa, na watu wakaja wengi kuliko alivyotaka Walter. Baada ya kuinua ile orodha, alisoma mapendekezo mengine ya serikali kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo. Mitende ya mapambo ipandwe mahali pa migomba iliyo kando ya barabara. Kila mfanyakazi wa kaunti avae kitu cha rangi rasmi. Kila shuka, pazia na taulo katika zahanati vibadilishwe viwe vya rangi rasmi, ili mwananchi akiingia popote ajue yuko mikononi mwa Mwamko.

Hapo ndipo Persis alipouachilia ule mlingoti.

Alikwenda hadi mbele, akamwomba Lavender, karani wa wadi aliyekuwa akiandika kumbukumbu, ampe kipaza sauti. Lavender alimtazama bosi wake, kisha akampa. Persis hakupiga kelele. Aliuliza kama kuna mtu ndani ya hema anajua kwa nini shuka za kuzalishia huwa nyeupe.



Akaeleza. Mwanamke akishajifungua, mkunga hutazama shuka. Doa likikua, mkunga anajua ana dakika ngapi. Mwezi uliopita Gesare, yule aliyeketi pale na mapacha wake mapajani, alianza kuvuja damu polepole, bila maumivu, akitabasamu na kuomba chai. Shuka ndiyo iliyosema. Ingekuwa shuka ya rangi ya damu ya mzee, Gesare angeinywa ile chai na kulala, na hangeamka.

"Mlituletea shuka sitini," Persis akamwambia Walter. "Sijatandika hata moja. Ziko stoo. Mkitaka mkazivalie ofisini."

Watu walicheka, lakini kicheko cha uchungu. Gesare aliinamisha kichwa akawavuta watoto wake karibu. Hakuwa amejua kwamba alikuwa karibu kufa kiasi hicho. Mtu anaambiwa jambo kama hilo kwenye mkutano wa rangi.

Walter alingoja kicheko kiishe. Alisema anathamini maoni ya dada muuguzi, kwamba masuala ya vitambaa yatapelekwa kwa kamati, na kwamba hata hivyo hayo yote yamepitwa na wakati kwa kuwa chumba chenyewe kinafungwa. Orodha ipo. Umma ulishirikishwa. Leo wamekuja kuarifiwa tu.

Tazama ufidhuli. Unawaita watu watoe maoni, unawaketisha kwenye viti vya kukodi, halafu unawaambia maoni yao walishayatoa siku ambayo hawakuwepo.

Ndipo Nyakerario akainuka. Huyu ni bibi wa miaka themanini na ushee, aliyekuwa mkunga wa nyumbani kabla zahanati haijajengwa, na Riamakori nzima humwita magokoro, nyanya. Hakuomba kipaza sauti.

"Wewe kijana, soma hiyo majina," alisema. "Kama tulikubali, tutasikia jina zetu. Soma."

Walter alijaribu kusema kwamba hizo ni nyaraka za serikali. Watu wakaanza kugonga viti. Akaona afadhali asome, na akaanzia ukurasa wa pili. Kumbukeni hilo: wa pili.

Alisoma jina la fundi viatu. Fundi viatu akainua mkono kusema yeye hakutia sahihi popote. Akasoma jina la mke wa mchungaji. Mke wa mchungaji akatikisa kichwa. Akasoma Nyamusi, Nyanchama, Phanice, na kila jina lilipotajwa mwenyewe aliruka kwenye kiti chake kama aliyeketi juu ya siafu. Alipofika jina la Nyakerario mwenyewe, bibi alicheka hadi akakohoa.

Walter alikunja uso. Akasema watu wakishalishwa maneno ni rahisi kukana. Kikao kilifanyika, tarehe ipo, mahali papo. Ukumbi wa wadi, Jumamosi tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi.

Watu wote wakageuka kutazamana.

Ngoja niwaeleze msiotoka huku. Riamakori ni ya Wasabato. Kuna nyumba nne za Wakatoliki na duka moja la mtu wa Garissa, basi. Jumamosi hakuna anayechuma chai, hakuna anayenunua hata kiberiti. Kalamu hazishikwi. Ukitaka mtu wa Riamakori atie sahihi siku ya Sabato, labda umvunje mkono kwanza uushike wewe. Walter amezaliwa Kisii mjini na kukulia Nairobi, na kwake Jumamosi ni siku ya nyama choma. Alichagua siku ambayo ofisi zimefungwa ili asionekane, na hakufikiri zaidi ya hapo.

Lakini kulikuwa na zaidi ya hapo.

"Tarehe kumi na nne," Persis alisema pole pole, "ilikuwa Sabato ya Meza ya Bwana."

Mara moja kwa robo mwaka, kabla ya mkate na divai, Wasabato huoshana miguu. Wanawake huenda darasani nyuma ya kanisa, wanaume hubaki nje karibu na tangi la maji, na kila mmoja humwosha mwenzake. Siku hiyo hakuna anayekosa, hata wale ambao mwaka mzima huwaoni.

"Saa nne hiyo," Nyakerario alisema, "miguu yangu ilikuwa kwa beseni. Huyu mokamwana ndiye aliniosha." Akamwonyesha Persis kwa fimbo. Mokamwana ni mke wa mtoto, na bibi humwita hivyo kila mwanamke aliyeolewa kijijini. "Wote walikuwa huko. Wewe ulipata nani kwa ukumbi? Panya?"

Sasa kicheko kilikuwa cha kweli. Mia mbili na kumi na wanne, na wote walikuwa wamevua viatu kanisani. Fundi viatu alisimama juu ya kiti kuthibitisha, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akichota maji. Lavender aliacha kuandika akaziba mdomo kwa daftari. Persis alinyoosha mkono kwa Walter na kusema alete hizo karatasi, zipelekwe kituo cha polisi zikiwa bado zina jasho la mwenye kuzighushi.

Mngeniuliza mimi, ningesema tumeshinda. Nilikuwa hata nimeanza kuandika hivyo.

Walter Onsongo aliketi. Alitoa kitambaa cha damu ya mzee, akajifuta uso, na alipokitoa usoni alikuwa anatabasamu. Nimeona watu wakiaibika maishani mwangu. Huyu hakuwa mmoja wao.

Alisema tuchukulie kwamba makarani wake walifanya makosa. Tuyafute majina mia mbili na kumi na tatu. Kwa sheria yanabadilisha nini? Uwanja huu haukununuliwa na serikali. Ulitolewa na familia moja miaka ya sabini ili pawe na zahanati, na mkataba unasema matumizi hayawezi kubadilishwa bila ridhaa ya mkuu wa familia hiyo. Ridhaa hiyo ikiwepo, majina mengine ni mapambo. Akafungua ukurasa wa kwanza, ule alioruka, akaugeuza ili watu waone.

Jina moja. Sahihi moja, kwa kalamu ya wino, yenye mkia mrefu.

Persis aliijua kabla hajaisogelea. Sahihi hiyo iko kwenye cheti chake cha ndoa. Iko kwenye vyeti vya kuwekwa wakfu vya watoto wake wawili. Ilikuwa ya mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, aliyeketi safu ya mbele na kofia magotini tangu asubuhi. Ilikuwa ya baba mkwe wake.

Sabato ile alikuwa amesema ana homa. Persis ndiye aliyempelekea uji kabla ya kwenda kanisani, akauacha kizingitini.

  

Walter aliendelea, sauti sasa tamu. Alisema sheria ni ya haki. Kabla kikao hakijafungwa, ridhaa inaweza kupingwa, lakini si na mtu wa njiani. Ipingwe na mtu wa familia hiyo, asimame, amtaje aliyetia sahihi kwa majina yake kamili, amwulize mbele ya umma, na Lavender aandike. Je, yupo?

Alikuwa akimtazama Persis alipouliza, na alijua sawasawa alichokuwa akifanya. Sabato hakuijua, mjinga huyu, lakini chinsoni aliijua. Mama yake alimfundisha hilo, na yeye akalitumia hivi.

Chinsoni ni ile heshima iliyo kati ya mke na baba mkwe wake. Hamshiki mkono. Haingii chumbani kwake. Mkikutana kwenye njia nyembamba, mke huingia migombani mzee apite. Na jina lake hulitaji, si kwa wema si kwa ubaya. Kwa miaka kumi na mitatu Persis amemwita baba wa Bosire, Bosire akiwa mumewe. Mzee alipolazwa mwaka juzi, daktari alimwuliza Persis jina la mgonjwa, naye akatoka nje akamwita askari wa lango, akamwonyesha kitambulisho ili alisome yeye. Jina halikupita kinywani mwake hata siku hiyo.

Bosire mwenyewe ndiye aliyepaswa kusimama. Lakini Bosire anafundisha Kenyenya, na barua ya kikao, kwa bahati ya ajabu, haikuwahi kumfikia.

Nyakerario alimwambia Persis kwa Ekegusii aketi. Alimwambia kwa upole, kama anavyowaambia wanawake wasisukume kabla ya wakati. Wanaume walitazama viatu vyao, wanaume wote wale waliokuwa wakicheka dakika moja iliyopita, na wengi wao wamezaliwa ndani ya chumba kile. Natamani kuwataja mmoja mmoja, ila gazeti halina nafasi.

Walter alitazama saa yake. Akasema ikiwa hakuna, basi anafunga.

"Jasper Ondieki Nyamweya," Persis alisema.

Wanawake waliziba midomo kwa leso zao. Mtu aliyekuwa amesimama karibu na Persis alisogea kando, kisha wa pili naye akasogea, hadi akabaki peke yake mbele ya hema. Alimtazama mzee usoni, jambo jingine ambalo hakuwahi kulifanya.

"Tata, baba yangu, nisamehe. Ni wewe ulitia sahihi hii?"

 Mzee Jasper alivaa kofia yake, akainuka, akamwendea Lavender na kumnyang'anya kipaza sauti.

"Ni mimi," alisema.

Hakueleza kwa nini. Hakutaja Sabato, hakutaja homa, hakumtazama hata Gesare aliyekuwa hatua mbili kutoka kwake na wale watoto. Alisema sahihi ni yake na ana uwezo wa kuifuta, leo, hapa hapa, kabla kikao hakijafungwa. Yuko tayari kuifuta. Lakini mji wake una heshima, na heshima hiyo imekanyagwa mbele ya macho ya watu wote hawa.

"Huyu amelitaja jina langu," alisema. "Basi na yeye achague. Achukue nguo zake leo aende kwao, awaache watoto, asikanyage kwangu tena. Akisema ndiyo, nafuta. Akikataa, karatasi ibaki ilivyo."

Haya, msikilizeni mzee wa kanisa. Anaivunja Sabato kwa siri, anauza kitanda cha kila mwanamke mjamzito wa kilima kile, kisha anasimama kudai heshima. Na kuna vichwa vilivyotikisika kumwunga mkono. Niliviona.

Lavender alikuwa ameacha kuandika. Walter hakuacha kutabasamu. Kwake ilikuwa sawa vyovyote. Mwanamke gani atatupa nyumba yake kwa ajili ya vitanda viwili vya chuma?

Persis alifikiria wanawe, mkubwa wa darasa la sita na mdogo aliyeng'oka jino juzi. Alifikiria mistari ya chai aliyoipanda kwa mikono yake nyuma ya nyumba. Alifikiria Bosire akirudi Ijumaa na kukuta jiko limepoa. Halafu akatazama mlango wa chumba cha kujifungulia, ambao tayari nusu yake ilikuwa imepakwa rangi, na akamtazama Gesare. Gesare alikuwa akilia bila sauti.

"Sawa," Persis alisema. "Nitaenda kwetu. Futa, tata."

Hakuna aliyelitarajia jibu hilo, na mzee mwenyewe kuliko wote. Alibaki amesimama, kipaza sauti mkono mmoja, mkono wa pili hewani. Nyakerario akachukua kalamu mezani kwa Lavender, akaiweka katika ule mkono wa hewani, akaufunga vidole kimoja kimoja.

Mzee Jasper akainama juu ya karatasi. Ncha ya kalamu ikagusa sahihi. 

Kisha akageuka, akamwinamia Walter Onsongo kama mtu anayetaka kunong'ona, akasahau kwamba kipaza sauti kilikuwa bado mkononi na bado kinasikika hadi barabarani.

"Na lile jina langu mliloahidi kuandika pale juu ya mlango," aliuliza, "nikifuta, halitaandikwa tena?"